Kugawa: Hesabu za Nyumba ya Watoto Tisa

Ugali wa jioni wa watu 12, yaani baba, mama, bibi na watoto 9, unakula unga kilo 2 na nusu na maji yapata lita 6. Sufuria isipungue lita 10, maana ugali ukisongwa kwenye sufuria iliyojaa humwagikia pembeni na kuunguza mkono. Kwanza unakorogwa uji kwa unga uliolowekwa maji baridi, unaachwa utokote hadi utoe mapovu mazito, ndipo unga wa kusongea unaingia kwa mafungu matatu au manne. Anayeumimina wote kwa pamoja hupata ugali ulioiva nje na wenye mabuja mabichi ndani. Kosa la pili ni moto. Ugali mkubwa unapoza jiko, kwa hiyo mkaa huongezwa kabla ya kuanza kusonga, kwani katikati umeshachelewa. Na msongaji asiwe peke yake: mwingine ashike sufuria kwa vitambaa viwili. Ugali wa kilo 2 na nusu una nguvu ya kumwangusha msichana wa miaka 12 pamoja na jiko lake.

Tumeanza na sufuria kwa kuwa ndipo mtoto wa nyumba kubwa anapojifunza jambo la kwanza: kitu hakijigawi chenyewe. Kisipogawiwa, kitanyang'anywa. Hilo ni kweli kwa ugali, kwa godoro, kwa kazi, kwa ada, na watoto wakishakuwa watu wazima, kwa wazazi wenyewe.

Hesabu hizi ni za nyumba za Tabora, Nzega na Urambo, kwenye mahindi, karanga na baiskeli. Watoto 9 siku hizi ni wengi hata huko. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, mijini 3.6 na vijijini 5.5. Lakini nyumba za namna hii bado zipo, na nyingine hujaa kwa njia tofauti: mtoto wa marehemu kaka, mjukuu aliyeachwa kwa bibi, binti wa shangazi anayesoma karibu. Mgawanyo wa kazi na vitu ni uleule.

Siku za shule ugali kamili hupikwa jioni tu, na mchana nusu kilo inawatosha bibi na wadogo waliobaki nyumbani. Jumamosi na Jumapili unapikwa mara mbili. Jumla ni kama kilo 25 kwa wiki. Kwa hiyo gunia la kilo 100 likisagwa dona linafika wiki nne. Likikobolewa kwanza ili kupata sembe, pumba zinabaki mashineni na unga unaisha wiki ya tatu. Kwa nyumba ya watoto 9 dona ndiyo akili, hata kama watoto watanung'unika kwamba jirani wanakula ugali mweupe. Kwa mwaka yanatakiwa magunia 13, na yote yanunuliwe au yavunwe kati ya Juni na Agosti, kabla bei ya Januari haijapanda.

Kuhifadhi magunia 13 nako kuna mitego yake. Dumuzi, mdudu aliyeonekana Tabora kwanza mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambaye wakulima walimpa jina la Scania, anaweza kugeuza gunia kuwa vumbi kabla ya masika. Mahindi yakauke sawasawa kwanza. Kipimo cha nyumbani ni chupa kavu: tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, kisha tazama. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Yakikauka yanatiwa kwenye mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, unafungwa tabaka moja moja, na haufunguliwi kila siku kuchota. Gunia la kuchota liwe moja tu, la kawaida, na mengine yasiguswe. Nyumba inayochota kutoka magunia manne kwa mpigo haijui limebaki kiasi gani hadi siku yanapoisha yote.

Mboga ni maharage kilo 1, yaliyolowekwa tangu usiku ili yaive kwa mkaa mchache, na karanga robo kilo zilizosagwa. Wakati wa kiangazi mchicha ukiwa haba, nsansa, yaani majani ya mboga yaliyoanikwa tangu masika, ndizo zinazookoa. Nyama ni kilo 1 siku ya Jumapili, na hukatwa vipande 24 kabla haijaingia jikoni. Kila mtu viwili. Mama ndiye anayepakua nyama, na huihesabu kwa sauti. Mgeni aliyekulia nyumba ya watoto wawili hushangaa akidhani ni uchoyo. Kuhesabu kwa sauti kunamlinda yule wa miaka minne, ambaye hawezi kujitetea.

Sinia moja la watu wengi lina ubaya mmoja mkubwa: mwenye kumeza haraka ndiye anayeshiba. Mtoto wa miaka miwili ana tumbo dogo na hutafuna polepole. Akiinua tonge la nne, wakubwa wameshafuta sinia. Anadhoofika mbele ya macho ya watu 11 na hakuna anayejua, kwa kuwa kila siku alionekana amekaa kwenye chakula. Dawa yake ni hii: wakubwa sinia lao, wa miaka 5 hadi 11 la kwao, na kila aliye chini ya miaka 5 bakuli lake mwenyewe, na awepo mkubwa mmoja wa kumwangalia hadi amalize. Kwa vitu vya kukata, kama embe, mua au kipande cha mkate, sheria ni kwamba aliyekata huchukua wa mwisho. Vipande vitatoka sawa bila mtu kusimamia. Chapati hazina ugomvi mkijua hesabu: kilo 2 za ngano hutoa chapati 22 hadi 24.

Kulala. Wasichana watano chumba kimoja, wavulana wanne kingine. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinalaza watoto wanne mzungu wa nne, wawili vichwa huku na wawili kule, mpaka mkubwa wao afike kama miaka 10. Baada ya hapo miguu inafika usoni mwa mwenzake na hakuna anayelala. Kitanda cha deka kinasaidia, ila chandarua cha duara hakikai vizuri chini ya deka. Tumieni cha pembe nne, kila ngazi na chake, na pembe zifungwe kwenye misumari minne ili kisiguse mwili, kwa kuwa mbu huuma kupitia kitambaa kilichogusana na ngozi. Kipimo ni chandarua kimoja kwa watu wawili. Palipo na watoto wanne chini ya chandarua kimoja, hadi saa nane usiku kimeshachomoka chini ya godoro upande mmoja, na kinachanika ndani ya miezi michache.

Anayekojoa kitandani alale chini, ukingoni, juu ya nailoni iliyofunikwa shuka nene, na aamshwe kwenda msalani wazazi wanapoingia kulala. Mtoto wa miaka 5 au 6 kukojoa usiku si ukaidi. Kibaya ni kumwimba. Nyumba yenye ndugu wanane ina vinywa vinane vya kumwimba, na aibu hiyo humfuata shuleni kwa sababu ndugu zake wanasoma shule hiyohiyo. Mzazi azuie hilo kwa ukali kuliko anavyozuia kuvunja sahani.

Maradhi nayo hupita kitanda kwa kitanda. Upele ukimpata mmoja, kumtibu peke yake ni kupoteza dawa. Nyumba nzima ipakwe usiku uleule, kuanzia shingoni hadi nyayoni, hata wasiojikuna, kwa kipimo alichoeleza mhudumu wa afya. Kesho yake mashuka na nguo zote za kulalia zifuliwe kwa maji ya moto na zianikwe juani. Dawa za minyoo vilevile, wote siku moja. Kwa kuharisha, mkoba wa mama usikose pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Zikikosekana, maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. Kuna kosa linalorudiwa sana kwenye nyumba kubwa: dawa ya mseto ya malaria. Dozi ni ya siku tatu na hupangwa kwa uzito. Mtoto akipata nafuu siku ya pili, vidonge vilivyobaki vinawekwa kwa ajili ya mwenzake. Hapo wa kwanza hajapona sawasawa na wa pili atapewa dozi isiyo yake. Kila pakiti iandikwe jina kwa kalamu, na imalizwe na mwenye jina.

Kuhusu bima, kwa miaka mingi kadi ya mfanyakazi chini ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilimbeba mchangiaji, mwenza na wategemezi 4. Mwenye watoto 9 alilazimika kuchagua, na wengi waliwaweka wadogo kwa huruma. Lakini kwa sera, watoto chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Nafasi za kadi zilistahili waliovuka umri huo, na kwanza wenye maradhi ya kudumu kama pumu, selimundu au kifafa.

Sasa kazi, na hapa ndipo nyumba nyingi hukosea.

Maji peke yake: kuoga, kupika, kunywa, vyombo na choo, kwa watu 12, ni kama lita 220 kwa siku. Hizo ni ndoo 11, na Jumamosi ya kufua huongezeka ndoo 10. Bomba likiwa mbali, baiskeli moja yenye madumu manne inafanya kazi ya watoto wanne na vichwa vyao. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na msichana wa miaka 9 mara nyingi hafiki kilo 30. Mpeni dumu la lita 5, aende mara mbili.

Zamu zipangwe kwa wiki. Zamu za siku huzaa kesi kila asubuhi: jana aliosha nani, sufuria la maharage lililoungua la nani, mbona juzi niliosha mimi. Wiki nzima ikiwa ya mtu mmoja, sufuria iliyoungua Jumatatu ni yake hadi Jumapili, na atajifunza kuiloweka mapema. Makabidhiano yafanyike Jumapili jioni: madumu yote yamejaa, vyombo vyote safi, jiko limetolewa majivu. Anayepokea akague kabla ya kukubali. Bila ukaguzi huo, kila wiki huanza na uchafu wa mwenzake. Karatasi ya zamu ibandikwe mlangoni, iandikwe na mtoto mwenyewe, kwa sababu aliyeandika jina lake hawezi kusema hakuambiwa.

Umri nao uheshimiwe. Miaka 5 anaokota na kupeleka vikombe. Miaka 8 anaosha vyombo vyepesi na kufagia uwanja. Miaka 11 au 12 anapika uji na kuchemsha maharage, na ugali husonga pamoja na mkubwa. Wavulana wamo kwenye orodha yote, jikoni pia. Hili halihitaji mjadala mrefu: palipo na wasichana watano na wavulana wanne, wavulana wakiondolewa jikoni, kila binti anapata karibu kazi mara mbili.

Lakini hata zamu nzuri inavunjikia kwa mtu mmoja, naye ni dada mkubwa. Mdogo akishindwa kukosha kilichoungua, ataitwa dada. Kitinda mimba akilia, atabebwa na dada. Mama akienda msibani siku tatu, nyumba inabaki kwa dada. Haandikwi popote kwenye karatasi, ndiyo sababu haonekani. Hesabuni jioni yake: kupika saa moja na nusu, kuogesha wadogo nusu saa, vyombo vya watu 12 dakika 40, kufunga kuku, kuwasha taa. Anafungua daftari saa nne usiku, mwaka wa mtihani wa kidato cha pili. Akifeli, watu wazima watasema hakuwa na kichwa cha shule.

Tunaiandika kwa uchungu kwa sababu inazuilika. Mtoto yeyote wa darasa la mtihani, yaani la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne, atolewe kwenye kazi za jioni kuanzia saa moja usiku, mwaka mzima. Siku ya mtihani peke yake haitoshi. Mwenye mwaka wa mtihani ndiye anayekaa mezani chini ya taa, wengine mkekani. Na mdogo akilia saa hiyo, abebwe na mwingine, hata kama atalia zaidi kwa kumzoea dada. Kaka wa miaka 14 anaweza kumbeba mtoto.

Vitabu vya kurithishana viliokoa fedha nyingi zamani. Mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, vingi vya zamani havikufaa tena, kwa hiyo kagueni kabla ya kumpa mdogo kitabu cha kaka yake. Sare bado zinarithiwa vizuri ikiwa ya kwanza ilishonwa na upindo wa sentimita 5 na kitambaa kizito. Viatu visirithiwe vikishalika kisigino, kwani vinampindisha mguu anayefuata. Kila mtoto awe na rangi yake ya uzi, itiwe kwenye kola, taulo na mpini wa mswaki. Miswaki 9 kwenye kikombe kimoja bila alama ni mswaki mmoja wa watu 9. Na hata kama fedha ni chache, Idi au Krismasi kila mmoja apate kitu kimoja kipya kilichonunuliwa kwa ajili yake. Mtoto wa tatu na wa nne wanaweza kufika miaka 12 bila kuvaa nguo iliyokuwa yao tangu dukani, nao hawasemi. Watoto wa katikati hawasemi mengi. Njia rahisi ya kuwasikia ni mama kwenda sokoni na mtoto mmoja tu kila wiki, kwa zamu. Njiani, wakati wa kurudi na kikapu, ndipo maneno hutoka.

Nyaraka: kila mtoto bahasha yake, ndani ya sanduku moja lenye kufuli. Kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo kama kipo, matokeo. Linaloharibika zaidi ni majina. Kliniki waliandika jina la babu, darasa la kwanza mwalimu akaandika la baba, na herufi moja ikabadilika. Mtoto akifika kuomba mkopo wa elimu ya juu, cheti chake cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na majina yasiyolingana humpeleka kwa wakili kutafuta kiapo au hati ya kubadili jina, wakati dirisha la maombi linafungwa. Tofauti hiyo isahihishwe kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba.

Kisha watoto wanaanza kupata kazi. Tangu 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imefutwa shule za serikali, lakini nauli, sare, chakula na chuo vinabaki. Desturi ni kwamba aliyetangulia anawavuta wengine, na ni desturi nzuri ikiwa na mpaka. Isipokuwa na mpaka, aliyepata mshahara wa kwanza huwabeba wanane, haoi, hajengi, na akifika miaka 40 anaanza kuwachukia watu anaowapenda. Mpango unaodumu ni wa kupokezana: wa kwanza anamsomesha wa tatu, wa pili wa nne, na aliyesomeshwa anamchukua mmoja wa nyuma yake. Kiasi kinatajwa mbele ya wote, mwanzoni mwa mwaka, na kinaandikwa.

Wazazi wakizeeka, mchango ulingane na kipato. Mwalimu na mwenye duka la jumla wakitozwa sawa, mmoja hulemewa na mwingine haguswi. Mtunza fedha awe mmoja, abadilishwe kila mwaka, na picha ya kila risiti iwekwe kwenye kundi la familia siku ileile. Maamuzi ya matibabu yawe ya watu wawili waliokubaliwa, kwa kuwa simu tisa kwa daktari mmoja humchanganya hata mgonjwa. Na yule aliyebaki nyumbani, mara nyingi mziwanda, anayemgeuza mama kitandani usiku na kufua mashuka, asidaiwe fedha. Akodiwe mtu wa kumpokea walau siku mbili kwa wiki, ndugu wanane walipe, na wakija Krismasi wamwache alale.